Udongo Ulioganda na Msingi wa Nyumba Yako

Anayenunua nyumba katika nchi za baridi kali, kwa mfano jimbo la Minnesota nchini Marekani, hana budi kuielewa tabia ya udongo unapoganda. Barafu hushikamanisha chembe za udongo na kuufanya uwe mgumu. Lakini ugumu huo si wa kudumu. Udongo wa chembe laini hufyonza maji kutoka chini, nayo huganda na kufanya matabaka ya barafu yanayoinua ardhi pamoja na kilichojengwa juu yake. Katika majira ya machipuko barafu ya juu huyeyuka kwanza, maji hukosa pa kupenya, na udongo hulegea.

Kwa sababu hiyo, kanuni za ujenzi za Minnesota hutaka msingi ufike kina cha inchi 60 kaskazini na inchi 42 kusini.

Kabla ya kulipa, tunakushauri:

1. Uulize kina cha msingi, pamoja na ule wa baraza na ngazi za nje.
2. Ukague nyufa za kuta na milango isiyofungika sawasawa.
3. Uhakikishe kuwa maji ya paa yanaelekezwa mbali na nyumba.

Ukiona dalili hizo, usitie sahihi kabla ya kupata maoni ya mhandisi. Ada yake ni ndogo kuliko gharama ya kutengeneza msingi uliopasuka.