Presha ya Krismasi na Sufuria la Pilau

SWALI: Daktari, nimeolewa Marangu na mtoto wa mwisho, kwa hiyo nyumba ya wazee iko mikononi mwetu na Krismasi ukoo wote unashukia kwetu, watu zaidi ya thelathini. Nina presha, natumia dawa. Kila tarehe 26 naamka kichwa kinaniuma, sina nguvu. Mwaka jana watoto kadhaa walitapika usiku. Nifanyeje?
Mkwe wa Marangu

JIBU: Pole, dada. Nianze na watoto. Sikuwaona, ila nashuku sufuria la pilau.

Mchele huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Pilau likiiva saa tano asubuhi likakaa vuguvugu hadi jioni, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Sumu inayotapisha haiondoki hata ulipashe upya, kwa hiyo ile "nitalipasha tu" haisaidii. Pika kwa mikupuo miwili, sufuria la pili liingie motoni la kwanza likianza kuliwa. Kinachosubiri wageni kikae juu ya makaa kikifuka mvuke, si pembeni ya jiko. Chakula kikishaepuliwa, kisikae zaidi ya muda wa saa mbili. Kiporo kitandaze kwenye sinia kipoe upesi, ndipo kiingie frijini. Sufuria zima likiingizwa hivyo hivyo, katikati hubaki na joto kwa saa nyingi.

Sasa wewe. Kichwa si kipimo cha presha, maana mara nyingi hupanda kimya kimya. Nenda zahanati kabla ya sikukuu ukapimwe, na uhakikishe vidonge vinafika Januari. Siku yenyewe meza dawa kabla hujawasha moto. Wapo akina mama wanaoruka ile ya kukojosha ili wasiache chungu kwenda chooni. Usithubutu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na vile vidonge vya kuungia mchuzi vimejaa chumvi. Tia kidogo, anayetaka zaidi ajiongezee mezani. Kama unapikia kuni ndani, hamishia mafiga uani. Moshi nao huumiza kichwa.

Lakini kinachokulaza tarehe 26, kwa maoni yangu, ni kubeba peke yako kazi ya kaya sita. Kuchinja na kugawa mbuzi ni kazi ya wanaume Uchaggani tangu zamani; basi na kuchoma iwe yao, na kuosha masinia pia. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, tangaza sasa nani anamenya vitunguu tarehe 24 na nani anashika ndizi za machalari. Wakwe wenzako wa Dar wenye kucha ndefu wanaweza kuchambua mchele. Vyakula vinne vinatosha. Aliyesafiri kutwa nzima hadi Moshi hakufuata saladi.

Ulale usiku wa mkesha. Na ukibanwa kifua, ukiona ukungu, ulimi ukiwa mzito au mkono wa upande mmoja ukilegea, upelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama nyama iko motoni.