CHACHU ZA ZIWANI NA KOFIA YA NDUGU YANGU

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Leo nataka tuone jinsi methali hii inavyotimizwa na viumbe wadogo ambao hata macho hayawaoni.

Chachu ni jamii ya kuvu. Hamira ya maandazi ni chachu, lakini ziko nyingine zinazoishi katika maziwa na mito. Adui yao ni miale ya jua iitwayo urujuanimno. Hiyo huingia ndani ya seli na kuharibu DNA, yaani maagizo ya uhai. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo inavyozidi makali, kama asilimia 10 kwa kila mita 1000. Mvua ikinyesha Mlima Elgon, mito yetu hapa Kimilili hugeuka rangi ya chai, na tope hilo huizuia miale. Lakini maziwa ya milimani ya Patagonia kule Ajentina, mfano Nahuel Huapi, yana maji maangavu. Miale hupenya hadi chini sana. Wanasayansi wa huko wamezichunguza chachu zake.

Je, hizo chachu hujikingaje?

Kwanza, baadhi hutengeneza mikosporini. Hii hufyonza miale, hasa ya nanomita 310, na kuigeuza kuwa joto. Ni kama mwavuli.

Pili, nyingine kama Rhodotorula zina karotenoidi, rangi za jamii ile ile ya karoti. Ndiyo maana ni nyekundu-nyekundu. Hizi hutuliza kemikali kali za oksijeni zinazozalishwa na miale.

Tatu, kuna kimeng'enya kiitwacho fotoliasi. Hutumia mwanga wa buluu wa jua lilo hilo kurekebisha DNA iliyoharibika. Ama kweli, dawa ya moto ni moto!

Na sisi je? Binadamu hana fotoliasi. Tuna njia nyingine ya kurekebisha DNA, lakini kinga yetu kubwa ni melanini, rangi ya ngozi. Hapo ndipo ninapomkumbuka ndugu yangu mdogo. Yeye ana ualbino, na mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha. Mwaka jana shuleni kwao aliambiwa avue kofia gwarideni kwani si sare. Akatii. Jioni alirudi masikio na shingo nyekundu, zimevimba malengelenge, na usiku hakulala. Mama alikwenda kuongea na walimu, na sasa anaivaa. Lakini watoto wengine bado humcheka na kumwita zeruzeru.

Wenzangu, ngozi ikiungua mara kwa mara huweza kuleta saratani. Kwa hivyo ukimwona mwenzako amevaa kofia pana na mikono mirefu juani, usimcheke. Mpishe kivulini. Chachu haina akili wala macho, lakini haiendi juani bila mwavuli wake. Sembuse mtoto wa mtu?