Urithi Ukiuzwa, Nani Anaulizwa? Somo Kutoka Zambia



Somo la leo linahusu mali ya urithi. Tuanze na jambo lililo karibu. Huko Kilimanjaro mzee akifariki huacha kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa ambalo naye aliachiwa na baba yake. Mwana anayekaa humo hula ndizi zake na kuuza kahawa yake, lakini kwa desturi hawezi kukiuza kwa mtu wa nje bila ukoo kukaa kikao. Kahawa ni mavuno. Ukiiuza mwaka huu, mwakani mti unazaa tena. Kihamba chenyewe si mavuno. Kikiuzwa, fedha zake huliwa mara moja, na watoto huenda kuwa vibarua katika mashamba ya watu.

Tushike tofauti hiyo, kisha tumtazame jirani yetu Zambia.

Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam na wa reli ya TAZARA wanaijua shaba ya Zambia kwa uzito wake, maana imepita mikononi mwao tangu miaka ya 1970. Migodi ilikuwa ya makampuni ya kigeni hadi mwaka 1969, Rais Kenneth Kaunda alipotangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya hisa. Mwaka 1982 migodi iliunganishwa kuwa shirika moja, ZCCM. Shirika hilo lilichimba shaba, na pia liliendesha hospitali, shule na viwanja vya michezo. Nyumba ya mchimbaji ilikuwa ya shirika, na maji yake pia.

Hatusemi kwamba mambo yalikuwa mazuri. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, mitambo ikachakaa, deni la taifa likapanda. Mwaka 1969 Zambia ilitoa zaidi ya tani 700,000 za shaba. Mwaka 2000 ilitoa kiasi cha tani 250,000 tu. Aliyesema migodi inahitaji mtaji mpya alisema kweli. Lakini kuhitaji mtaji ni jambo moja, na namna ya kuuza ni jambo jingine.

Mwaka 1991 Frederick Chiluba alichaguliwa kuwa Rais. Huyu alikuwa kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na wachimbaji wengi walimpigia kura kama mwenzao. Serikali yake ilipitisha sheria ya ubinafsishaji mwaka 1992, na kati ya 1997 na 2000 ZCCM ilikatwa vipande vipande ikauzwa. Benki ya Dunia na wafadhili wengine walikuwa wakisukuma, na misaada ilifungwa pamoja na mauzo. Basi mnunuzi alijua kuwa muuzaji ana haraka. Mkulima aliyewahi kuuza ng'ombe siku ya mwisho ya kulipa ada ya shule anaijua bei ya namna hiyo.

Mwaka 1999 tani moja ya shaba ilikuwa na bei ya kiasi cha dola 1,500. Mwaka 2006 ilizidi dola 6,000. Urithi uliuzwa bei ikiwa chini kabisa, na ilipopanda, taifa lilipata kidogo sana, kwa kuwa mikataba ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mikataba hiyo ilikuwa ya siri. Ndani yake mrabaha ulikuwa asilimia 0.6, yaani senti 60 katika kila dola 100, na masharti hayo yalifungwa kwa miaka mingi. Mwenye mali, yaani mwananchi, hakuonyeshwa karatasi. Serikali iliachana nayo mwaka 2008.

Mgodi wa Luanshya ulinunuliwa na kampuni ya Binani mwaka 1997. Kufika mwaka 2000 ulikuwa chini ya mfilisi, na wafanyakazi wakabaki wakidai. Migodi ya Konkola ilichukuliwa na Anglo American mwaka 2000, ikaiacha mwaka 2002. Mwaka 2004 Vedanta ilipata asilimia 51 kwa dola milioni 25 taslimu na malipo mengine ya baadaye. Miaka kumi baadaye mwenyekiti wake, Anil Agarwal, alirekodiwa huko India akiwasimulia wasikilizaji, kwa furaha, kwamba serikali ilitaka dola milioni 400 lakini yeye alitoa 25 akaupata. Serikali ilimweka mfilisi hapo mwaka 2019, na mwaka 2024 mgodi ukarudi kwa Vedanta ile ile.

Sasa tuje nyumbani kwa mchimbaji. Migodi ilipokuwa ikiuzwa, wafanyakazi waliuziwa nyumba walimokaa, na bei ikakatwa katika mafao yao. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana kwa mara ya kwanza walikuwa na kitu cha kuwaachia watoto. Lakini maji yaliyokuwa ya shirika sasa yalikuja na bili, hospitali ikawa ya kulipia, na kazi ikapungua. Mtu alikuwa na nyumba bila mshahara. Kupangisha vyumba kulisaidia wengine. Nyumba ndiyo iliyokuwa kihamba chake. Tatizo ni kwamba mafao, ambayo yangekuwa akiba ya uzeeni, yalikwisha kuingia ukutani.

Katika kikao cha tawi, jadilini haya. Kiwanda chenu au shamba lenu likitangazwa kuuzwa kesho, ni vitu gani vinauzwa pamoja nalo: zahanati, nyumba, maji, malimbikizo ya mafao? Bei imepangwa na nani, na kwa nini iwe mwaka huu? Mnunuzi akiondoka baada ya miaka miwili kama ilivyokuwa Konkola, nani atalipa madai yenu? Halafu mwulizeni mwakilishi wenu kama amewahi kuusoma mkataba wenyewe, na kama hajausoma, unakaa katika kabati la nani.