Zogoyogo wa Hinde na Vichaka vya Mtoni

Kikundi cha Nunguni kinachotaka kuanza kutazama ndege kinaweza kuanza na zogoyogo wa Hinde. Ndege huyu haishi nchi nyingine ila Kenya. Jina lake latokana na S. L. Hinde, ofisa wa kikoloni aliyehudumu Machakos. Anajulikana katika mabonde ya Machakos na pande za Mukurweini, hivyo vijito vya Kilungu vinastahili kukaguliwa.

Ana rangi ya kahawia iliyokoza, madoa meupe yasiyolingana na macho mekundu. Huishi katika makundi madogo yenye kelele nyingi. Mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona.

Miti ya asili ilipokatwa kando ya mito, alijificha kwenye lantana. Hapo ndipo penye ugumu. Lantana ni gugu la kigeni lenye sumu kwa mifugo, na mkulima ana haki ya kulichukia. Lakini likifyekwa lote kwa siku moja, kundi zima hukosa mahali pa kutaga. Wakulima wanashauriwa kufyeka sehemu kwa sehemu, kuepuka misimu ya mvua ambapo ndege huyu hutaga, na kupanda miti ya asili ukingoni kabla ya kumaliza kichaka.

Wanaotazama watembee alfajiri kwa muda usiopungua saa mbili, waandike kila aina kwa mfuatano ilivyoonekana. Orodha kama hizo hupokelewa na mradi wa Kenya Bird Map, uliogawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Zogoyogo akionekana, aandikwe pamoja na hali ya kichaka alimokuwa.