Simu inapokujua kupita kiasi: maswali kutoka Buyenzi

Hapa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, simu haikai na mtu mmoja. Gereji huachwa mezani na mwanafunzi akaipokea. Jioni mtoto anaichukua atazame katuni. Ikichakaa inapelekwa soko la Ruvumera kutafutiwa mnunuzi. Kwa hiyo ushauri mwingi wa faragha, ulioandikwa kwa ajili ya mtu mwenye simu yake peke yake, hautufai sana. Haya ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara.

Mwalimu, tukizungumza matairi hapa gereji, kesho yake naona tangazo la matairi. Simu inatusikiliza?

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima programu za Android zaidi ya 17,000. Hawakukuta hata moja inayorekodi mazungumzo kwa siri na kuyapeleka nje, ingawa walikuta baadhi zinazopiga picha za kioo cha simu bila mwenyewe kujua. Wenye matangazo hawana haja ya sauti yako, kaka. Wanajua ulichotafuta, mahali ulipo na watu mnaoshirikiana nao, na hayo yanawatosha.

Visaidizi vya sauti ni habari nyingine. Mwaka 2019 kituo cha utangazaji cha VRT cha Ubelgiji kilifichua kwamba watu waliokodiwa na Google walikuwa wakisikiliza sauti za watumiaji, nyingine zikiwa zimerekodiwa bila mtu kukiita kisaidizi. Januari 2025 Apple nayo ilikubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya kisaidizi chake kiitwacho Siri, bila kukiri kosa. Kama simu yako ni Android 12 au ya baadaye, tazama juu ya kioo: alama ya kijani ikiwaka, maikrofoni au kamera inatumika.

Nikiizuia kila kitu, si itakuwa haina msaada tena?

Itapungua msaada, ndiyo, ila huna haja ya kuzuia kila kitu. Uliza kwanza: simu inajifunzia wapi habari zangu? Ndani yake, au kwenye kompyuta za kampuni?

Chukua kibodi. Sisi huandika Kiswahili, tukachomeka Kirundi na Kifaransa katika sentensi moja, na hakuna kamusi ya kiwandani inayoweza kutufuata. Kibodi inayokumbuka maneno yako ina faida kubwa, na kumbukumbu hiyo inaweza kukaa ndani ya simu. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, unaweza kuifuta utakapo, kwenye mipangilio ya faragha. Kuandika kwa sauti, ambako Google ilikuongezea Kiswahili mwaka 2017, mara nyingi hupeleka sauti nje ya simu. Basi kutumie kwa salamu na oda za vipuri. Habari za ugonjwa au za fedha ziandike kwa vidole.

Mahali nako kuna nafasi ya kati. Tangu Android 12 unaweza kuipa programu eneo la kukadiria tu. Programu ya hali ya hewa inatosheka kujua uko Bujumbura. Namba ya barabara yako haiisaidii kitu. Nayo historia ya shughuli zako kwenye akaunti ya Google unaweza kuiwekea muda wa kujifuta: miezi 3, 18 au 36. Mimi nachagua 3.

Programu ya mkopo inataka kuona majina yote niliyohifadhi. Nikubali?

Usikubali, mama. Hayo majina ni ya watu wengine, hawajakopa. Kenya wadaiwa waliaibishwa kwa ndugu na marafiki kwa njia hiyo hiyo, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000.

Nauza simu yangu Ruvumera. Kufuta picha kunatosha?

Hakutoshi. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoa akaunti yako ya Google, kisha irudishe simu katika hali ya kiwandani. Usipoondoa akaunti kwanza, mnunuzi anaweza kukwama pale simu inapomwomba neno lako la siri.

Anayenunua ndiye namwonea huruma zaidi. Ukiambiwa "akaunti imeshawekwa, tumia tu", kataa. Picha zako zinaweza kujihifadhi kwenye akaunti ya mtu usiyemjua, naye anaweza kuona simu ilipo au kuifuta yote akiwa mbali. Na ukimpelekea fundi simu iliyovunjika kioo, kaa hapo hapo umtazame. Namba ya siri ya pesa zako za simu, Lumicash au EcoCash, haihusiki na kioo.

Sheria itanilinda?

Kiasi. Katiba ya Burundi inalinda maisha ya faragha na mawasiliano, na tangu Machi 2022 ipo sheria ya makosa ya mtandao. Tanzania sheria yao ya taarifa binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Lakini kampuni iliyo California haitafutwi kwa urahisi na mtu wa Buyenzi, na picha ikishatoka hairudi.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, fungua mipangilio ya ruhusa uone ni programu zipi zina maikrofoni. Ukikuta tochi au mchezo wa mtoto, ondoa ruhusa hiyo.