Usimfungie Ndani: Kijitabu cha Nyumba Yenye Mtu Anayetaka Kuacha Pombe

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mke, mume, mama, kaka au mtoto mkubwa anayeishi na mtu ambaye pombe imemshinda. Mnywaji mwenyewe akikishika, asome pia. Humu hakuna matusi.

Kabla ya kumtafutia mkutano wa wanaoacha pombe

Usimfungie ndani.

Kwa nini tunasema usimfungie

Tumechoka kuwapokea hospitalini watu waliofungiwa. Kijana anakunywa mnazi na chang'aa kila siku tangu asubuhi. Wazee wanakaa kikao, wanaamua atiwe chumbani, mlango upigwe kufuli, apitishiwe uji dirishani, mpaka pombe imtoke. Siku ya pili analetwa kwetu kwa bodaboda, amebanwa kati ya dereva na nduguye, ulimi ameung'ata, suruali imelowa, hamtambui hata mamake. Wengine hawafiki.

Mwili uliozoea pombe kila siku, kuunyima ghafla huweza kuua. Baada ya saa chache mikono hutetemeka na jasho humtoka. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuona wadudu ukutani, kusikia sauti na kupigana na watu wasiokuwepo. Hajarogwa, na hayo si mapepo. Msimfunge kamba, msimpeleke kwa mganga. Hospitalini kuna dawa za kumtuliza na sindano za vitamini, naye huangaliwa usiku na mchana.

Kwa hivyo: anayekunywa kila siku, anayehitaji glasi ya asubuhi ili mikono itulie, au aliyewahi kuanguka kifafa, aanzie hospitali. Mjamzito pia. Kama safari ya hospitali ni kesho, asikate pombe yote leo ili kuonyesha kwamba ameamua. Na usimfungie.

Akianguka: mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye. Usimtie kijiko mdomoni. Usimmwagie maji. Usimnyweshe chochote. Tafuta gari. Na mtu akinywa chang'aa kisha akasema anaona ukungu, msingoje kupambazuke. Macho yanaweza kupotea, na uhai pia.

Dawa ya siri kwenye chai

Hapana. Kuna dawa halali inayomfanya mtu augue akinywa pombe, lakini hutolewa na daktari kwa mtu anayejua anachomeza. Ukimtilia kwa siri halafu akanywa, presha inaweza kuporomoka akafa mezani pako.

Sasa mkutano

Hospitali humtoa pombe mwilini. Haimzuii kupita kwa mama pima Ijumaa jioni akiwa na mshahara mfukoni. Hapo anahitaji watu waliopitia njia hiyo hiyo.

Mikutano inayojulikana zaidi ni ya Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA. Ilianzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, kwa walevi wawili: mmoja alikuwa akifanya biashara ya hisa, mwingine daktari wa upasuaji. Ndiyo, daktari. Elimu haimkingi mtu na pombe, wala mwenye shamba au cheo asione haya kwenda. Kenya mikutano hiyo ipo, mara nyingi katika kumbi za makanisa, na ipo ya kwenye intaneti kwa aliye mbali na mji.

Kuutafuta, piga 1192. Ni namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya; haitozwi pesa. Sema uko kaunti gani, uliza huduma na mkutano ulio karibu, siku na saa. Au uliza kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti, au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Usiondoke na jibu la "tutakuambia"; uliza jina la ukumbi.

Wengi huogopa kwamba wataandikwa au watatozwa. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa, mwenye chochote hutia, asiye nacho humpitishia jirani. Mtu hutumia jina lake la kwanza tu. Sharti ni moja, kutaka kuacha kunywa. Muislamu, Mkristo, asiye na dini, wote huketi. Anaweza kukaa kimya mkutano mzima akasikiliza, na hakuna atakayemwinua. Mkutano wa wazi, hata wewe wa nyumbani unaweza kuingia. Uliofungwa ni wa wenye tatizo la pombe peke yao, kwa hivyo msubiri nje bila kununa.

Kama hakuna mkutano karibu, AA yenyewe inakubali watu wawili au watatu wanaotaka kuacha waanzishe kundi lao.

Mkutano wa kwanza usipomfaa

Aende mwingine.

Wewe unayemuuguza

Tangu 1951 kuna Al-Anon, mikutano ya jamaa za walevi. Uliza habari zake pia. Mpe mgonjwa wako nauli ya kwenda mkutanoni, lakini ukihofia ataipitishia kilabuni, mlipie dereva wewe mwenyewe. Usimtangaze msibani wala kanisani.

Akirudia kunywa, usimfukuze na usimfungie. Kama amerudia kunywa kila siku, aanze tena hospitali, kisha mkutano. Hata kama ni mara ya tatu, usimfungie.

Andika 1192 ukutani, hapo unapochajia simu, na upige leo.