Somo la Ujirani Mwema: Tumbaku ya Kiko, Sheria na Mpaka



Katika vilima vya Kisoro na Kabale, kiko ni chombo cha wazee. Mabibi wengi wa Kikiga walikijua kiko kabla ya kuijua sigara ya dukani, na ng'ambo ya mpaka Wanyarwanda wana jina lake la kale, inkono y'itabi. Tumbaku ya kukijaza hupandwa nyuma ya nyumba, hukaushwa chini ya paa, husokotwa kwa mkono, kisha hukatwa vipande na kuuzwa siku ya soko. Ni biashara ndogo, lakini inagusa sheria za aina tatu kwa wakati mmoja: za afya, za kodi na za forodha. Asiyezijua huishi kwa hofu, na mwenye hofu huwa windo jepesi la matapeli na la askari asiye mwaminifu.

Swali tunaloulizwa ni moja: je, kiko kimepigwa marufuku? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo somo letu la leo.

1. Sheria hii ilitoka wapi

Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku ulianza kutumika Februari 2005. Uganda iliuridhia mwaka 2007. Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nazo ni wanachama. Ili kutekeleza mkataba huo, Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015, ambayo ilianza kutumika Mei 2016. Kampuni ya British American Tobacco Uganda iliipinga mbele ya Mahakama ya Katiba, na Mei 2019 mahakama ikalitupilia mbali ombi hilo. Basi anayewaambia wanakijiji kwamba sheria hiyo bado inabishaniwa na haina nguvu, anawapotosha.

Mkataba unaihesabu kuwa bidhaa ya tumbaku kila kitu kilichotengenezwa, chote au sehemu yake, kwa jani la tumbaku ili kivutwe, kinyonywe, kitafunwe au kinuswe. Tumbaku ya kiko imo ndani ya maana hiyo, iwe imetoka kwenye kiwanda cha Ulaya au kwenye ungo wa bibi.

2. Mambo ambayo kila mtu anapaswa kuyajua

Kwanza, mtu mzima hakukatazwa kuvuta kiko nyumbani kwake. Alichokatazwa ni kuvuta mahali pa umma, mahali pa kazi, ndani ya chombo cha usafiri wa abiria, na katika eneo la mita 50 kutoka mahali pa umma au pa kazi. Soko, kituo cha mabasi, zahanati na ofisi ya mpakani vyote ni mahali pa umma.

Pili, ni kosa kumuuzia tumbaku mtu ambaye hajatimiza miaka 21. Hapa wakazi wa mpakani wawe waangalifu, kwa kuwa nchini Kenya na Rwanda umri uliowekwa ni miaka 18. Kijana wa miaka 19 anaweza kuuziwa Gatuna bila kosa, lakini akivuka hatua chache hadi Katuna, muuzaji anayempa tumbaku amevunja sheria. Kwa hiyo mzee asimtume mjukuu dukani kumnunulia tumbaku.

Tatu, kuna aina ambazo haziruhusiwi kuingizwa, kutengenezwa wala kuuzwa nchini Uganda: shisha, tumbaku isiyo na moshi kama ugoro na ya kutafuna, sigara za kielektroniki, na tumbaku yoyote iliyotiwa ladha.

Nne, pakiti ya tumbaku ni lazima ibebe onyo la afya, kwa picha na maandishi, lililochukua asilimia 65 ya sehemu kuu za pakiti. Matangazo ya biashara ya tumbaku yamekatazwa.

3. Mtengenezaji mdogo anaguswa vipi

Tuchukue mfano wa mama mjane anayesokota tumbaku. Majani ni yake, mikono ni yake, na faida yake kwa wiki haimalizi hata karo ya mtoto mmoja. Sheria inayomhusu iliandikwa huku watunzi wake wakiitazama sigara ya kiwandani. Kiwanda huchapisha onyo kwenye pakiti milioni kwa gharama ambayo haihisi. Mama huyu hana pakiti. Ana kamba ya tumbaku na jani la mgomba la kuifungia. Tunakiri kwamba mzigo uleule hauwi na uzito uleule juu ya kila bega.

Tatizo hili haliko kwetu peke yetu. Nchini Marekani, serikali ilipanua kanuni zake Agosti 2016 ili ziiguse pia tumbaku ya kiko. Wenye maduka madogo waliokuwa wakichanganya tumbaku nyuma ya kaunta kwa ajili ya wateja wao wakajikuta wamehesabiwa kuwa watengenezaji, wenye wajibu wa namna ile ile waliowekewa wenye viwanda. Kila mahali, kanuni iliyokatwa kwa kipimo cha mkubwa humpwaya mdogo.

Hata hivyo, udogo wa biashara haupunguzi ukali wa moshi. Tumbaku ya kiko husababisha saratani ya kinywa, ya koo na ya mapafu, na moshi wake ndani ya nyumba yenye dirisha moja huvutwa pia na mtoto anayelala humo. Msokotaji mwenyewe hayuko salama: nikotini ya majani mabichi, hasa yakiwa na umande au mvua, hupenya ngozini na kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika. Wengi hudhani ni malaria.

Ushauri wetu kwa watengenezaji ni huu. Usitie asali, matunda wala manukato kwenye tumbaku ya kuuza, kwa sababu hapo unatoka kwenye bidhaa inayodhibitiwa na kuingia kwenye iliyokatazwa. Usiuze karibu na shule, wala usimweke mtoto kwenye meza yako ya biashara. Kabla ya kupanua biashara, nenda kwa afisa wa afya na afisa wa biashara wa wilaya ukaulize masharti ya ufungaji na leseni. Kuuliza si kujishitaki. Tena zipo sababu za kufikiria zao jingine. Mkataba tulioutaja unazitaka nchi wanachama ziwasaidie wakulima na wafanyakazi wa tumbaku kupata njia nyingine za kujipatia riziki. Hiyo ni hoja halali ya kupeleka kwa diwani wako na kwa mbunge wako.

4. Mpenzi wa kiko anaguswa vipi

Wako pia watu wanaokipenda kiko kama wengine wanavyopenda bao: hukusanya viko vya mti na vya udongo, hulinganisha tumbaku za nchi mbalimbali, na huagiza mikebe kutoka nje kwa ndugu au madereva wa malori. Hawa huteleza mara nyingi kwenye ladha. Tumbaku nyingi za kiko zinazouzwa Ulaya na Marekani hutiwa vanila, cheri au pombe kali ili zinukie. Zikiingia Uganda kwa ajili ya kuuzwa ni haramu, hata kama zilinunuliwa kihalali huko zilikotoka na risiti ipo. Mtu akimletea rafiki mikebe kumi ili wagawane gharama, tayari ameanza kufanana na mfanyabiashara.

Kiko chenyewe, kikiwa kitupu, ni chombo tu. Mwenye mkusanyo wa viko vya kale hana sababu ya kuvificha.

5. Kuvuka mpaka

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Kwa sheria hiyo, msafiri aliyetimiza miaka 18 anasamehewa ushuru wa tumbaku ya matumizi yake mwenyewe isiyozidi gramu 250. Kipimo hicho ni cha jumla: sigara, tumbaku ya kiko na ugoro vyote huwekwa kwenye mzani mmoja. Gramu 250 ni robo kilo, kama pakiti ndogo ya majani ya chai.

Mambo matatu hukosewa hapa. Msamaha huo ni wa ushuru tu. Hauhalalishi bidhaa ambayo nchi unayoingia imeikataza. Msamaha ni wa mtu na mzigo wake binafsi. Watu wanne hawawezi kugawana kilo moja ya mfanyabiashara, kila mmoja avuke na robo, kisha waikusanye upande wa pili. Na unachokibeba kwa ajili ya kuuza unapaswa kukitaja forodhani, hata kama ni kidogo.

Njia za panya huonekana fupi, lakini anayezitumia hupoteza kinga yake. Akinyang'anywa mzigo na wahuni, hana pa kushitaki. Akikutana na doria, kikapu chake hakina karatasi ya kukitetea. Na wenye magendo makubwa humtanguliza mbele ili wapime kama njia iko wazi. Bibi mwenye kamba mbili za tumbaku hapaswi kuwa ngao ya lori la sigara zisizolipiwa kodi.

6. Wajibu wa askari na haki ya raia

Somo hili lisingekamilika kama lingewafunza raia peke yao. Askari anayemkuta mzee akivuta kiko uani kwake hana kesi. Anayemkuta akivuta sokoni aanze kwa kumweleza sheria kwa heshima inayostahili mvi zake. Mali ikikamatwa, iandikwe idadi na uzito wake, na mwenye mali apewe nakala. Faini na ushuru havilipwi mkononi: hulipwa kwa njia rasmi, na risiti hutolewa. Asiyepewa risiti aelewe kwamba alichotoa hakikufika serikalini.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 23, inasema kwamba anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na kwamba kama hajaachiliwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mpakani, lugha hiyo inaweza kuwa Rukiga, Lukonzo, Kinyarwanda au Kiswahili. Askari asiyeijua atafute mkalimani. Kama haki hizi zimevunjwa, mwone mkuu wa kituo, afisa uhusiano wa polisi na jamii, au mwenyekiti wa kijiji akusindikize.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Sheria ya tumbaku italinda afya ya watoto wetu bila kuwaonea wazee wetu pale tu raia na askari watakapoisoma pamoja na kuitii pamoja.

Maswali ya kujadili barazani

1. Bibi wa miaka 70 anamtuma mjukuu wa miaka 15 kununua tumbaku ya kiko. Nani amevunja sheria, na bibi afanye nini badala yake?

2. Msafiri ana gramu 200 za tumbaku ya kiko na gramu 100 za sigara. Je, anastahili msamaha wa ushuru kwa mzigo wote?

3. Msokotaji anataka kutia asali kwenye tumbaku yake ili wateja waongezeke. Mngemshauri nini?

4. Katika kijiji chenu, ni zao gani au kazi gani inayoweza kumpa msokotaji kipato kama anachokipata sasa, na nani wa kuombwa msaada?

5. Askari amechukua kikapu cha tumbaku bila kuandika chochote. Mwenye mali aanzie wapi?